Nani Aliuona Uzuri wa London? Jiji na Ujumi katika Fasihi ya Kiingereza ya Karne ya 19

Asubuhi ya tarehe 31 Julai 1802, gari la farasi la kwenda Dover lilivuka Daraja la Westminster jijini London. Miongoni mwa abiria walikuwamo mshairi William Wordsworth na dada yake Dorothy. Safari yao ilikuwa ya Calais, Ufaransa, kuonana na Annette Vallon, mwanamke ambaye William alizaa naye mtoto wakati wa mapinduzi ya nchi ile, na binti yao Caroline aliyekuwa na miaka tisa. Dorothy aliandika katika shajara yake kwamba asubuhi hiyo nyumba za London hazikuwa zimefunikwa na wingu lao la moshi, na kwamba jua lilimulika kwa mwanga safi hata jiji likafanana na mandhari makubwa ya maumbile. William akatunga soneti yenye mistari 14, ikachapishwa mwaka 1807. Kichwa chake kinataja tarehe 3 Septemba, lakini shajara ya dada mtu inatuambia kwamba mandhari yenyewe waliyaona wakati wa kwenda.

Ukiisoma soneti hiyo upesi utaona ni sifa tupu kwa jiji. Isome tena taratibu, uangalie ni nani yumo. Zimo merikebu, minara, makuba, majumba ya maigizo na mahekalu, vyote vimekaa wazi kuelekea mashamba na mbingu. Hewa haina moshi, mto unakwenda kwa hiari yake, nyumba zenyewe zinaonekana kama zimelala. Mtu hayumo hata mmoja. Hakuna anayeuza, anayepika wala anayegombana. Baada ya saa moja hivi majiko ya makaa ya mawe yatawashwa katika maelfu ya nyumba, moshi utapanda, mitaa itajaa, na ile London iliyomteka mshairi haitakuwapo tena.

Hapo ndipo penye fundo ninalotaka kulifungua. Waandishi wa Uingereza wa karne ya 19 walibishana kwa miaka 100 kama jiji linaweza kuwa zuri. Kila ukiufuatilia ubishi huo unakuta maswali yaleyale chini yake: mtazamaji amesimama wapi, ni saa ngapi, na ni nani aliyeondolewa kwenye picha ili uzuri uonekane?

Wanafalsafa huita jambo hili tajiriba ya kiujumi. Ni ile hali ya mtu kusimamishwa na kitu anachokiona au kukisikia, akakizingatia kwa ajili yake chenyewe bila kuuliza kitamfaa nini. Karne ya 18 ilikuwa imewafundisha wasomaji wa Kiingereza mahali pa kuitafuta hali hiyo: milimani, baharini, kwenye maporomoko ya maji. Edmund Burke aliandika mwaka 1757 kitabu kizima kuhusu uzuri na utukufu, yaani ule ukubwa wa kutisha unaomfanya mtu ajione mdogo, na mifano yake mingi haikuhusiana na mtaa wenye maduka. Jiji lilikuwa mahali pa kazi, biashara na maradhi. Mtu mwenye moyo mwepesi wa kuguswa alitarajiwa alikimbie.

Lakini kulikimbia kulizidi kuwa kugumu. Sensa ya kwanza ya Uingereza, ya mwaka 1801, ilikuta London ina karibu watu milioni moja. Kufikia 1901 jiji pamoja na viunga vyake lilikuwa na zaidi ya milioni sita. Sensa ya 1851 ilionyesha kwamba wakazi wa miji katika England na Wales wamewazidi wa mashambani. Mshairi aliyetaka kuimba maisha ya watu wake hakuwa na njia ya kulipita jiji pembeni. Elizabeth Barrett Browning alilisema hili waziwazi katika Aurora Leigh, shairi lake refu la mwaka 1856 linalosomeka kama riwaya: kazi ya mshairi ni kuushika wakati wake mwenyewe, aachane na mashujaa wa zama za kale. Msichana wake Aurora anapanga chumba London, anatazama dirishani, anaona ukungu ukilifuta jiji lote kana kwamba mtu amelipitishia sponji, na badala ya kulalamika anapata nguvu ya kuandika.

Turudi kwanza kwa Wordsworth, kwa sababu yeye mwenyewe alijua kwamba soneti ile ilikuwa nusu ya habari. Katika The Prelude, shairi la maisha yake alilolikamilisha mwaka 1805 na ambalo halikuchapishwa hadi 1850 baada ya kufa kwake, sehemu yote ya saba ni London, na humo watu wamejaa hadi pomoni. Anatupeleka kwenye gulio la Mtakatifu Bartholomayo pale Smithfield. Kuna mtu anayekula mawe, mwingine anayemeza moto, kuna farasi mwenye maarifa na nguruwe msomi, kuna sanamu za nta, kuna makelele yasiyo na mwanzo wala mwisho. Mshairi anazidiwa. Anasema mambo yote yanayeyuka na kuwa kitu kimoja, kwa sababu tofauti zao hazina mpango wala maana. Mahali pengine anashangaa kwamba watu wanaweza kuishi mlango kwa mlango na wasijuane majina.

Kabla ya gulio hilo, katikati ya msongamano wa mitaa, anakutana na ombaomba kipofu. Mzee ameegemea ukuta, uso ameuinua, na kifuani amening'iniza karatasi iliyoandikwa habari zake: yeye ni nani na ametoka wapi. Wordsworth anasimama. Anasema akili yake iligeuzwa kama kwa nguvu ya maji mengi, na ile karatasi ndogo ikaonekana kwake kuwa kipimo cha yote tunayoweza kujua kuhusu nafsi zetu na ulimwengu. Kwangu mimi mistari hii ina nguvu kuliko soneti ya darajani, ingawa soneti ndiyo inayokaririwa shuleni. Pale juu ya daraja uzuri ulihitaji watu walale. Hapa mtu mmoja aliye macho, tena asiyeona, anatoa mshtuko ambao washairi walikwenda kuutafuta milimani. Wordsworth hakuendelea sana na njia hii aliyoigundua. Alirudi kwenye maziwa na vilima vyake. Wengine waliichukua.

Aliyekuwa tayari ameichukua ni rafiki yake, Charles Lamb. Lamb alizaliwa London mwaka 1775, akafanya kazi ya ukarani katika Kampuni ya India ya Mashariki kwa miaka 33, na mapenzi yake kwa jiji hayakuhitaji nadharia. Tarehe 30 Januari 1801 alimwandikia Wordsworth barua ya kukataa, kwa upole, mwaliko wa kwenda kumtembelea mashambani. Barua hiyo ni moja ya maandishi ya kwanza ya Kiingereza kuusifu msongamano wenyewe. Anataja maduka yenye taa ya Strand na Fleet Street, wafanyabiashara na wateja wao, magari na mikokoteni, wanaouza vitabu vya zamani barabarani, nyumba za kahawa, mvuke wa supu unaotoka majikoni, hata matope. Anasema mara nyingi amelia machozi akitembea Strand, kwa furaha ya kuona uhai mwingi kiasi kile. Milima ya rafiki yake anaiona kama mapambo ya chumba ambayo macho huyazoea.

Nadhani kuna jambo la kumkumbuka Lamb hapa. Mwaka 1796 dada yake Mary, akiwa katika wazimu, alimuua mama yao kwa kisu. Charles alijitolea kumtunza, akaishi naye mpaka yeye Charles alipokufa. Mtu mwenye nyumba kama hiyo anaweza kuuona mtaa wenye watu na taa kuwa tiba. Kelele ambazo Wordsworth aliziona zinafuta maana ya kila kitu, kwa Lamb zilikuwa ushahidi kwamba maisha yanaendelea.

Thomas De Quincey anatupeleka sehemu nyingine, yenye giza zaidi. Kumbukumbu zake za ulaji wa kasumba zilitoka katika London Magazine mwaka 1821, na watu huzikumbuka kwa ajili ya ndoto zake za ajabu. Ndoto hizo zinaanzia mtaani. Alitoroka shule, na akiwa na miaka 17 akafika London bila fedha, akalala katika nyumba tupu huko Soho na kushinda njaa. Rafiki yake wa pekee alikuwa Ann, msichana aliyejiuza Oxford Street, mdogo hata kuliko yeye. Usiku mmoja De Quincey alizirai kwenye ngazi za nyumba Soho Square. Ann akakimbia na kurudi na glasi ya mvinyo wenye viungo, aliyoilipia kwa senti zake chache. Baadaye kijana alilazimika kusafiri kwa siku kadhaa, wakaagana kwamba wakutane saa kumi na mbili jioni mwishoni mwa Great Titchfield Street. Aliporudi hakumkuta. Alimngoja jioni baada ya jioni. Hakuwahi kumuuliza jina la ukoo wake, kwa hiyo hakuwa na jina la kumuulizia. Anaandika kwamba huenda walikuwa wakitafutana wakati uleule ndani ya vichochoro vya London, hatua chache tu kati yao.

Hakuna mlima unaoweza kumfanyia mtu hivyo. Ukubwa wa kutisha aliouandikia Burke umehamia kwenye idadi ya watu. De Quincey anauita Oxford Street mama wa kambo mwenye moyo wa jiwe, na baadaye, akiwa mla kasumba, anarudi usiku wa Jumamosi kutembea masokoni kati ya maskini wanaonunua chakula cha wiki, akisikiliza bei zimepanda au zimeshuka, akipotea katika njia ambazo anahisi hazijachorwa kwenye ramani yoyote. Raha na huzuni kwake zimekuwa kitu kimoja.

Wakati kitabu cha De Quincey kinatoka, usiku wa London ulikuwa umeanza kubadilika. Taa za gesi zilionyeshwa kwa umma Pall Mall mwaka 1807, kampuni ya kwanza ya gesi ikapata hati yake 1812, na ndani ya miaka michache mitaa mikuu ikawaka hadi usiku. Dirisha la duka likawa jukwaa. Kutembea usiku bila shughuli, kutazama tu, kukawezekana kwa watu wengi zaidi. Bila gesi sidhani tungekuwa na Charles Dickens tunayemjua.

Dickens alizaliwa 1812. Alipokuwa na miaka 12 baba yake alifungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea, na mtoto akapelekwa kubandika lebo kwenye vikopo vya rangi ya viatu katika kiwanda kilichokuwa kando ya mto. Kutoka kiwandani hadi alipolala alipita kwa miguu, peke yake, akitazama. Mazoea hayo hayakumwacha. Mwaka 1846, akiwa Uswisi kuandika riwaya yake Dombey and Son, alilalamika katika barua kwa rafiki yake John Forster kwamba kuandika kila siku bila mitaa ya London ni kazi nzito mno. Mitaa ilikuwa taa yake ya kimiujiza, ile ya kurusha picha ukutani.

Kwa msomaji wa Kiswahili ningependa kumwonyesha Dickens kwanza kwenye mitumba. Katika Sketches by Boz, mkusanyiko wake wa kwanza wa mwaka 1836, kuna makala kuhusu Monmouth Street, mtaa wa maduka ya nguo kuukuu. Msimulizi anasimama mbele ya duka, anaona suti kadhaa zimetundikwa, na ghafla anaamini kwamba zote zilikuwa za mtu mmoja. Suti ndogo ya mtoto, ya kubana, iliyoachwa kwa sababu mikono imezidi urefu wa mikono ya nguo. Kisha mavazi ya kijana aliyeajiriwa mjini, yaliyochakaa lakini safi, na ndani yake msimulizi anamwona mama mjane anayehesabu kila peni. Kisha nguo za kujionyesha, zilizochafuka kabla ya kuchakaa. Mwisho koti duni la kitambaa kigumu na kitambaa cha shingoni kilichofifia, na anajua kijana amefikia jela, na huenda mti wa kunyongea. Baada ya hapo anageukia viatu vilivyopangwa chini, anavijaza miguu, na kuvichezesha dansi.

Ni sanaa iliyotengenezwa na bidhaa zilizobaki. Wordsworth alihitaji karatasi kifuani mwa ombaomba imwambie mtu huyo ni nani. Dickens anasoma kola, kiwiko na kishikizo kilichokosekana. Uzuri wa jiji katika kazi yake unakaa katika kazi hii ya kusoma: kila kitu mtaani kimewahi kuwa cha mtu, na kila mtu ana habari. Yeyote aliyewahi kuchambua rundo la mitumba na kukuta tiketi mfukoni mwa koti anaijua hisia yenyewe.

Miaka 16 baadaye anaifanya hisia hiyo kuwa kubwa kama jiji zima. Bleak House ilianza kutoka kwa mafungu ya kila mwezi Machi 1852. Sentensi yake ya kwanza ni neno moja: London. Zinazofuata nyingi hazina kitenzi kikuu, kana kwamba hakuna kinachoweza kusonga. Matope ni mengi hivi kwamba msimulizi hangeshangaa kukutana na mjusi mkubwa wa kale akipanda mlima wa Holborn. Masizi yanaanguka kama theluji iliyovaa nguo za msiba wa jua. Halafu ukungu. Uko juu ya mto kati ya visiwa na malisho, uko chini ya mto kati ya meli na uchafu wa jiji. Uko katika macho na makoo ya mabaharia wazee waliostaafu Greenwich, wakikohoa kando ya moto. Uko ndani ya kiko cha nahodha. Unafinya vidole vya mtoto anayejifunza ubaharia, anayetetemeka sitahani. Na pale ukungu unapokuwa mzito kupita kote, ameketi mkuu wa Mahakama ya Chancery, anasikiliza kesi ya urithi ambayo hakuna aliye hai anayeielewa.

Msomaji anafurahia maneno, na wakati uleule anaongozwa kwenye mlango wa ofisi. Dickens hataki tuutazame ukungu na kuishia hapo. Ndani ya riwaya hiyo kuna Jo, mtoto mfagiaji wa kivuko cha barabara, asiyejua lolote, anayefukuzwa na polisi kila anaposimama. Analala Tom-all-Alone's, mtaa wa nyumba zinazobomoka kwa sababu mali yenyewe imekwama kwenye kesi ileile. Maradhi anayoyapata yanamfikia Charley, mtumishi mdogo, kisha Esther, mhusika mkuu mwenyewe, msichana wa nyumba nzuri mbali na uchafu ule. Hewa, karatasi za mahakama, damu na ugonjwa vinawaunganisha watu ambao wasingesalimiana njiani. Kwa maoni yangu hili ndilo jibu la Dickens kwa ule mshangao wa Wordsworth kuhusu majirani wasiojuana majina: wanagawana ugonjwa hata kabla ya kujuana.

Ukungu wenyewe haukuwa fumbo la mwandishi. Mamia ya maelfu ya majiko ya majumbani, pamoja na viwanda, yalichoma makaa ya mawe yenye salfa katika bonde la mto lenye unyevu. Siku za baridi zisizo na upepo, hewa ya juu ikiwa na joto kuliko ya chini, moshi ulikosa pa kwenda. Ukawa na rangi ya njano, hudhurungi, wakati mwingine karibu mweusi. Desemba 1873 uliua ng'ombe walioletwa kwenye maonyesho ya mifugo Islington. Watu nao walikufa kwa wingi, hasa wazee na wenye mapafu dhaifu.

Na ndicho kitu kilekile ambacho kizazi kilichofuata kilikitangaza kuwa kizuri.

Mwaka 1873 Walter Pater, mwalimu wa Oxford, alichapisha kitabu kuhusu sanaa ya Mwamko wa Italia. Katika hitimisho lake alisema maisha ni mfululizo wa hisia zinazopita, na mafanikio ni kuziishi kwa ukali wote zikiwa zingalipo. Lengo ni tajiriba yenyewe, matunda yake si lengo. Hitimisho hilo liliwatia watu wasiwasi hata akaliondoa katika toleo la pili la 1877, akihofia litawapotosha vijana, kisha akalirudisha mwaka 1888. Kwa wakati huo vijana walikuwa wameshalisoma.

Mchoraji James Whistler, Mmarekani aliyehamia Chelsea kando ya Thames, mto wa London, alikuwa akiishi fundisho hilo kwa brashi. Picha zake za usiku za miaka ya 1870 zinaonyesha mto, mwanga mmoja au miwili, na vivuli. Mwaka 1877 mhakiki mkubwa wa sanaa, John Ruskin, aliandika kwamba mtu huyu anadai gini 200 kwa kuurushia umma kopo la rangi usoni. Whistler akamshtaki. Mahakamani Novemba 1878 aliulizwa kama kweli anadai fedha zote hizo kwa kazi ya siku mbili. Akajibu kwamba anadai kwa ajili ya ujuzi wa maisha yote. Alishinda, akapewa fidia ya fadhingi moja, yaani robo ya peni, na gharama za kesi zikamfilisi mwaka uliofuata.

Mnamo Februari 1885 alitoa mhadhara Piccadilly, saa nne usiku, akaeleza anachokiona: jioni inapofunika kingo za mto kwa shela la ukungu, majengo duni yanapotea angani, mabomba ya moshi yanageuka minara ya Kiitalia, na maghala yanakuwa majumba ya kifalme. Ni maelezo mazuri sana, na macho yaliyoyatunga yalikuwa makini kweli. Lakini maghala yale hayakuwa matupu. Pembe za ndovu kutoka Zanzibar, zilizobebwa mabegani kutoka bara kwa mamia ya maili, zilihifadhiwa na kuuzwa London pamoja na sukari, chai na pamba ya nchi nyingine. Ghala likigeuka kasri, mpagazi na kuli wa gatini wanatoweka pamoja na kuta zake. Uzuri huu ni wa kweli, na umenunuliwa kwa bei ileile ya soneti ya mwaka 1802: watu waondolewe.

Ruskin alilihisi hilo, ingawa kwa mtazamo wa mtu aliyekuwa akielekea kwenye giza la akili. Mwaka 1884 alitoa mihadhara miwili kuhusu wingu jipya, jeusi, la kutetemeka, alilosema limeanza kuonekana katika anga la Uingereza wakati wa uhai wake. Alitaja mamia ya mabomba ya tanuru. Kisha akasema wingu lile linafanana zaidi na kitu kilichotengenezwa kwa roho za wafu. Wasikilizaji wengi walidhani amechanganyikiwa. Ukisoma leo, unaona mtu aliyekuwa ameandika hali ya anga kwa miongo mingi na aliyetambua kwamba viwanda vimebadilisha hewa yenyewe.

Aliyezikutanisha pande zote mbili ni Oscar Wilde. Katika shairi lake Impression du Matin la mwaka 1881 anachora mapambazuko kwa rangi za Whistler: mto wa samawati na dhahabu unageuka kijivu, ukungu wa njano unatambaa madarajani, kuba la kanisa la Mtakatifu Paulo linaelea kama povu. Jiji linaamka. Lakini ubeti wa mwisho una mwanamke mmoja, amepauka, amebaki peke yake chini ya taa ya gesi. Picha imekwisha kupangwa vizuri, na mtu ameingia. Kisha mwaka 1889, katika mazungumzo yake The Decay of Lying, mhusika wake Vivian anadai kwamba ukungu wa London huenda ulikuwapo kwa karne nyingi lakini hakuna aliyeuona mpaka wasanii walipoubuni. Na sasa umetiwa chumvi mno, hata pale mwenye elimu ya sanaa anapopata mandhari, asiye nayo anapata mafua. Watu husoma maneno hayo kama mzaha. Mimi nayachukulia kuwa maelezo sahihi kabisa ya hali ilivyokuwa: hewa moja, na watu wawili wanaoivuta kwa matokeo tofauti.

Kuna kundi lingine ambalo halikuwamo katika mabishano haya kwa muda mrefu. Wordsworth, Lamb, De Quincey, Dickens na Wilde waliweza kusimama popote kutazama. Mwanamke aliyesimama mtaani bila shughuli alidhaniwa kuwa kama Ann wa De Quincey, aliyejiuza. Ndiyo maana ukurasa wa Villette, riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1853, unaonekana mdogo na una uzito mkubwa: Lucy Snowe, asiye na ndugu wala fedha, anaamka London, anapanda kuba la Mtakatifu Paulo, anavuka barabara za katikati ya jiji, na kusema kwamba kutembea peke yake mle ni tukio la kusisimua tosha. Anazipenda sehemu za biashara kuliko mitaa ya matajiri, kwa kuwa zile ziko kazini kwa dhati.

Amy Levy alilipeleka jambo hilo mbele. Alizaliwa Clapham mwaka 1861 katika familia ya Kiyahudi, akawa mwanamke wa kwanza Myahudi kusoma katika Chuo cha Newnham, Cambridge. Kitabu chake A London Plane-Tree kilitoka mwaka 1889, mwaka aliofariki akiwa na miaka 27. Mti anaousifu ni ule unaopandwa sana kando ya barabara za London, ambao gome lake hubanduka vipandevipande na kubanduka na masizi yake. Miti mingine, asema, inanyong'onyea ikitamani mashamba. Huu unapenda mji na kupumua hewa yake. Katika shairi lingine anasema wengine wana magari yao ya farasi, yeye basi la abiria linamtosha. Anakaa juu, anaona umati wote, na hakuna anayemuuliza anangoja nini.

Hilo la kukaa juu lilikuwa na sababu ya kifundi. Mabasi ya farasi ya zamani yalikuwa na vipandio vyembamba vya kukwea hadi paani, ambavyo mwenye sketi ndefu hakuweza kuvitumia kwa heshima iliyotakiwa. Katika miaka ya 1880 yakaja mabasi yenye ngazi ya kuzunguka na viti vinavyotazama mbele, na wanawake wakapanda. Katika riwaya ya Levy The Romance of a Shop ya mwaka 1888, dada wanne waliofungua studio ya picha Baker Street wanalitumia jiji hivyo, na shangazi yao anaudhika sana kumwona mmoja wao juu ya basi mchana kweupe.

Kwa anayetaka kuzisoma kazi hizi, ningemshauri aanze na makala ya Monmouth Street, kwa sababu ni fupi na haihitaji maandalizi yoyote. Afuatishe barua ya Lamb, kisha sehemu ya saba ya The Prelude, na baada ya hapo mashairi ya Levy yatamfungukia. Bleak House iachwe mpaka upatikane muda wa miezi, lakini aya zake za mwanzo zisomwe leo, kwa sauti.